Gita Lililomsimamisha Afande

Jambo la mwisho la kawaida jioni ile Nsambya lilikuwa Mahmoud muuza kahawa kumimina vikombe, na Afande Tarcisio kulalamika kwamba tangawizi haijakolea. Kisha, kutoka nyumba za nyuma, tarumbeta ikalia wito wa kushusha bendera. Kwenye mitaa ya polisi, wito ule ukilia hakuna anayepiga hatua. Afande, mpiga tarumbeta wa kikosi mpaka alipostaafu, alijikuta amesimama wima, kidevu juu, mikono ubavuni. Wenzake wa benchi wakasimama pia: Mubaraka fundi redio, aitwaye Wayalesi, na Bonny, aitwaye Mbunge kwa kuwa hajawahi kuchaguliwa popote. Mahmoud aliganda huku birika likimimina. Kahawa ikafurika kikombe, ikamwagikia kiatu. Wito ulipokwisha ndipo wakakumbuka kwamba bendera ilikwisha kushushwa.

— Leo imeshuka mara mbili? Mahmoud akauliza.

— Sauti haifi, ssebo, Wayalesi akasema. Hiyo Afande alipiga zamani. Imezunguka kwa satelaiti, leo imerudi kwa mwenyewe.

— Imerudi kupitia wapi?

— Entebbe, kama kila mtu.

— Uongo, Mbunge akasema. Kuna serikali ya pili, iko hapo Namuwongo, na bendera yake. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na waziri wa kahawa ni nani?

— Wewe. Lakini usimwage bajeti.

Hapo akatokea Alal, jirani yao, gita begani, waya ukining'inia.

— Wazee, mmeisikia? Ni mimi. Ni hii gita.

Mbunge akaanza kucheka mpaka akashika benchi.

— Banange, Afande umesimamia gita. Kesho utapigia pasi saluti.

Alal alipiga jazi aliyoichanganya na roki na fanki, na siku hizi alikuwa hatoki chumbani. Akawaeleza: alibandika kifaa chini ya nyuzi, waya ukaenda kwenye sinthesaiza, mashine ya kuunda sauti; akigusa uzi, hutoka tarumbeta, au filimbi, au chochote akitakacho.

— Jumamosi tunapiga muziki Kamwokya, na mpiga tarumbeta wetu amehamia Juba. Sauti ninayo, Afande, lakini inakwenda tu kama maji ya bomba. Haipumui. Nifundishe inapumua wapi. Bila hiyo watatucheka.

— Tarumbeta ni ya mdomo, Afande akasema. Hiyo yako ni mwizi. Mimi sifundishi mwizi kutembea.

Akaketi. Tangu amzike mkewe, Adoch, hakuwa amepuliza kitu, hata chai ya moto. Kaburini alitaka kumpigia wito uleule yeye mwenyewe. Pumzi ikamwishia katikati, na hapakuwa na mwingine wa kuumalizia.

— Mwache, Alal, Wayalesi akasema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mkuu ndiye asiyesikia, Mbunge akajibu.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi Lailah, nesi aliyehamia mtaani juma lile, akingoja kikombe chake cha kwanza.

— Samahani, mzee wangu, akasema. Kama haikuwa tarumbeta, mbona ulisimama?

Wayalesi akatazama juu, kama anayeitafuta satelaiti. Mbunge akatafuta methali, akakosa. Mahmoud akainamisha birika. Likatoa tone moja. Afande akawaaga, akaenda zake.

Asubuhi, kabla hata ya kunyoa ndevu, alibisha kwa Alal. Kiti hakikuwepo, akakalia spika, akaamuru gita lipigwe. Wito ukaanza, ukienda sawasawa, bila huruma. Katikati Afande akainua kiganja, akavuta pumzi kwa nguvu mpaka kifua kikajaa. Alal akanyamazisha nyuzi, akangoja.

Afande akashusha kiganja.

— Sasa endelea, akasema. Mpaka mwisho.