Gunia la Akina Mama Kumi

Ndani ya basi la Mitaboni, Musyoka aliketi kando ya mama asiyemjua, aliyekanyaga gunia la sukari kana kwamba litatoroka.

"Sukari yote hiyo, mama? Kuna harusi?"

"Ni ya akina mama kumi. Supamaketi hapo Machakos imeshusha bei. Dukani kwetu sokoni wanatunyonya tu."

Musyoka akakohoa. Duka hilo lilikuwa lake, ingawa mkewe ndiye aliyeuza. "Na nauli je?"

"Tumegawana, mzee. Sisi pia tunafikiri."

Jibu hilo lilimchoma, maana nauli ndiyo aliyoitegemea kuwarudisha wateja. "Supamaketi itakuuzia sukari ya shilingi tano?"

"Ya nini, na niko na gunia?"

Abiria wa nyuma akacheka. Musyoka hakuona cha kuchekesha. "Haya, mtaligawanyaje watu kumi bila kupigana?"

"Hiyo si shida. Dukani kwa Musyoka kuna mizani. Nasikia ni mkali, lakini tukisimama kumi pale mlangoni, atapima tu."

Basi likasimama sokoni. Mama akainuka. "Shika upande huo, mzee. Tulipeleke kwa Musyoka."