Viatu Vyeusi vya Fundi Saa

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Wewe Karani, mwanangu wa kwanza, zima hiyo simu. Na wewe Kinda, kitinda mimba wangu, acha kulia kwanza, utalia vizuri nikishamaliza. Shangazi yenu naye akae, maana yumo ndani ya maneno haya na nataka ayasikie akiwa amekaa. Mnaniona nimelala kitandani na viatu vyeusi miguuni, mkanong'onezana kwamba mgonjwa sasa anaweweseka. Siweweseki. Nimemwambia Kinda anivishe kwa sababu kugawa mali ni kazi, na mimi kazi sijawahi kuifanya na ndala.

Neno lenyewe ni moja: chumba cha mbele. Karani anataka tumpangishe muuza mitungi ya gesi, Kinda anataka meza yangu ya saa ibaki pale pale chini ya dirisha na akae yeye. Najua mmeshagombana jikoni, mlidhani nimelala.

Sikilizeni basi. Baba yenu alipofariki, Karani ana miaka sita na Kinda yuko mgongoni, niliacha karakana ya watu mjini, nikaja na bisibisi zangu, nikajiajiri hapa hapa. Raha yake siwafichi: sikuwa na bosi wa kuninunia, mvua ikinyesha mimi mkavu, na Kinda alipoinuka akapiga hatua ya kwanza alikuwa anakuja kwangu, wala sikuhadithiwa na jirani. Lakini balaa lake! Mtu akikukuta nyumbani haamini kwamba unafanya kazi. Huyu aliniachia watoto, yule nguo nimwanulie, "si upo tu", na shangazi yenu alikuwa akija asubuhi kupiga soga hadi adhuhuri. Siku moja akanionea huruma, akanisafishia meza. Akakunja gazeti, akalitupa jalalani, na ndani yake mlikuwa na saa ya mwalimu mkuu, vipande vyote. Nilichakura taka kwa kibano mpaka jua linazama, mwalimu mkuu amesimama pembeni anahesabu skrubu. Wifi yangu, nimekusamehe leo. Jana nilikuwa bado.

Ndipo nikanunua viatu hivi. Nikatangaza sheria: nikivivaa mimi ni fundi, mama yenu ametoka, ameenda kazini; nikivaa ndala, amerudi. Nanyi mkaishika sheria kuliko nilivyotaka. Karani, unakumbuka ulivyobisha hodi, ukasimama wima kama askari, ukasema, "Fundi, samahani. Mama akirudi, mwambie maharage yanaungua." Nami nikajibu ujumbe umefika, nikaendelea na mshale wa dakika, na siku ile tukala mkaa.

Haya, chekeni mmalize, maana ipo siku nyingine ambayo sijamwambia mtu. Kinda, ulikuwa na miaka mitano. Ulisimama mlangoni ukauliza, "Fundi, mama anarudi saa ngapi?" Nilikuwa na kioo cha kukuzia jichoni, sikuinua kichwa, nikasema saa kumi. Ukaenda ukakaa kwenye ngazi. Saa kumi nikavaa ndala, nikakukuta umejikunyata pale, mwili unachemka homa, meno yanagongana, ukaniambia, "Mama, nilikuwa nakusubiri." Hatua tano, mwanangu. Nilikuwa hatua tano kutoka hapo ulipokaa. Ulipona, ukasahau, mimi sikusahau, na kila nilipofunga kamba za viatu hivi iliniuma. Nisamehe.

Basi shikeni uamuzi wangu. Chumba cha mbele, meza na bisibisi zote ni vya Kinda. Karani usinune, nyumba iliyobaki ni yenu wote wawili, na kwa mkono wako ulivyo mzito hata betri ya saa ya ukutani hujawahi kuibadili ukafaulu. Huyo wa mitungi mwambieni atafute kwingine. Na wewe Kinda, watu watasema upo tu. Wafungie mlango bila aibu, hata shangazi yako. Lakini mwanao akibisha, inua kichwa. Umtazame usoni kwanza, saa ya mteja itangoja. Hilo ndilo sharti, na... nipeni maji kidogo.

Mungu awape riziki ya kutosha, na usingizi, na... mpendane. Karani, dada yako asidharauliwe na wewe upo. Sioni vizuri sasa... Nimemaliza. Kinda, njoo huku miguuni, nifungulie kamba. Taratibu, hicho cha kushoto kinabana. Na kingine... Haya. Kazi imekwisha, nimerudi nyumbani. Sasa niiteni mama.