Sigara Iliyokuwa Inamla Mwanangu

Ndugu zangu wa Bangwe, asifiwe Bwana aliyenipa pumzi ya kusimama hapa!

Mnanijua kama fundi wa injini za boti. Hamkunijua kambini, miaka ile tuliyovuka ziwa tukikimbia vita Kongo. Nilikuwa mtumwa wa sigara! Tukigawiwa mafuta ya kupikia, nauza, navuta. Navutia humo humo kibandani, na mwanetu Riziki ana pumu. Mwaka ule alikuwa ameshalazwa mara tatu. Mara tatu, ndugu zangu, na bado sikuona!

Mchana mmoja akabanwa, midomo ikawa bluu. Nikambeba mbio hadi zahanati ya kambi. Muuguzi akamwekea oksijeni, kisha akanigeukia: "Baba Riziki, mimi namtibu, wewe unamuua. Alhamisi uje kwenye kikundi cha kuacha sigara."

Nikaenda. Tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye mabenchi mawili. Tulifundishwa kuishinda ile hamu, tukatembeleana, tukaombeana. Nilitetemeka. Nilimfokea mke wangu bure. Nilianguka mara mbili, nikavuta tena, na muuguzi hakunifukuza. Mara ya tatu Bwana akanishika!

Miezi mitano baadaye akaja mkubwa wa bajeti wa shirika lililoendesha zahanati. Akasema kikundi kifungwe, kinakula fedha za wagonjwa wa kweli, wavutaji wamejitakia. Ndugu zangu, niliogopa kuliko siku ya kuvuka ziwa! Nikiachwa peke yangu, narudi kule kule. Ndipo akasimama mke wangu, Riziki mgongoni.

"Shikamoo, baba. Huyu mtoto mmemlaza mara nne. Oksijeni, sindano, gari la kumpeleka hospitali Kigoma, vyote mlilipa ninyi. Tangu baba yake aache, hajalazwa. Kikundi ni mabenchi mawili na mchana mmoja wa muuguzi. Sasa kipi ni ghali?"

Yule bwana akainamia daftari lake. Mwishowe akasema, "Haya, kiendelee."

Haleluya! Siwafichi, wapo wenzangu waliorudia, na mmoja tulimzika. Lakini Riziki leo ni mama, anaishi Gungu, na anapanda kilima bila kuhema.

Wewe unayevuta kwa siri, usione haya. Mungu huponya, na mara nyingi hutumia mkono wa mtu. Baada ya ibada nitakuwa mlangoni. Njoo hivyo hivyo unavyonuka, twende zahanati pamoja, naye Bwana atatutangulia.