Marehemu Matone na Barua ya Sandukuni

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Matone, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi saa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Jina hilo alilipata utotoni: alihesabu matone ya dawa ya macho ya bibi yake, na mkubwa yeyote aliyezidisha alikiona.

Alihitimu shahada ya biokemia mwaka 1976, akaajiriwa katika maabara ya kinga ya mwili. Tarehe 14 Agosti 1979 alimwoa mwalimu wa fasihi, ambaye leo ni mjane wake.

Kazi yake aliieleza mezani, kijiko mkononi. "Kidonda kinatoa kemokini, protini ndogo sana. Inakishika kipokezi kilicho juu ya seli nyeupe ya damu, halafu inaingiza ncha yake ndani. Hapo seli inaamka, inakifuata kidonda."

"Na ncha ikikatwa, Baba?" binti mkubwa aliuliza.

"Haishiki kabisa."

Jibu hilo lilichapishwa mwaka 1998, likampa sifa. Halikuwa kweli. Msaidizi wake wa maabara, tuliyemwita Dada Sindano, alimwambia mapema: "Kaka, ile kemokini nzima uliitia albumini, protini ya kuizuia isinate kwenye mirija. Hii iliyokatwa hukutia. Imeganda kwenye plastiki, seli umezipa maji matupu."

"Wewe osha mirija, vipokezi niachie mimi."

Mwezi uliofuata Dada Sindano alihamishiwa stoo.

Mwaka 2006 marehemu alirudia jaribio, safari hii kwa albumini. Kemokini iliyokatwa ilishika vizuri tu. Ilikaa kwenye kipokezi bila kuiamsha seli, ikaziba nafasi ya ile nzima. Aliliandikia jarida lililochapisha jibu lile barua ya kusahihisha, akamtaja Dada Sindano. Mkewe aliisoma, akakataa isitumwe.

"Mwanao anaoa mwezi ujao. Wakwe watatuonaje?"

"Kosa nimelifanya mimi, mke wangu. Tukinyamaza, tutakuwa tumelifanya wote."

Mkewe aliifungia barua kwenye sanduku la vyeti. Marehemu aliiulizia mara mbili, kisha akaacha. Alistaafu mwaka 2011 kwa hotuba na makofi, na mkewe, aliyejua kila kitu, alipiga makofi kuliko wote. Jambo hilo linamwaibisha hadi leo.

Saratani ya mapafu iligunduliwa Januari 2019. Tarehe 2 Juni, siku moja kabla hajafariki, aliuliza, "Ile barua bado ipo?" Akajibiwa ipo. Akageukia ukutani.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja na wajukuu watano. Dada Sindano aliombwa kukaa mbele na familia. Amekuja, ila amesema atakaa nyuma, na wenzake wa stoo.

Barua imetumwa jana, na jina la Dada Sindano limo. Mungu ampokee Matone, na atusamehe sisi tuliomnyamazisha.