Mkalimani wa Kona ya Bluu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Kasuku, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wageni ya mama yake, hatua chache kutoka lango la bandari. Alikuwa wa kwanza katika watoto wawili. Alipokuwa akizaliwa, mabaharia walikuwa wakipigana kwa chupa kwenye ukumbi wa chakula, ikabidi mkunga atoke akawafokee, kisha arudi kukata kitovu. Mama alisema mtoto huyu aliingia duniani akidhani ndivyo dunia inavyokaribisha wageni. Hakukosea sana.

Alisoma shule ya msingi ya bandarini kuanzia 1958 hadi 1964, na sekondari ya wasichana hadi 1968. Lakini kilichomsomesha hasa ni meza ya mama. Pale walikaa Wahispania wa visiwani, wanaomeza mwisho wa kila neno, na wa milimani, wanaotamka kila herufi kana kwamba wanakula kiapo. Walikaa Waingereza wawili wenye pasipoti za aina moja waliohitaji mtu wa tatu ili waelewane. Walikaa pia Wachina wa kaskazini na wa kusini, ambao kwa mdomo hawakusikilizana hata chembe. Wakitaka kuulizana jambo waliandika kwa kidole juu ya meza, maana maandishi yao ni yale yale. Mpishi mmoja wa melini, mtu wa kaskazini aliyevunjika mguu akalala pale miezi mingi, ndiye aliyemfundisha Kichina chake, kusema na kuandika.

Akiwa na miaka tisa alimwona mtu wa milimani akimwiga wa visiwani anavyoongea. Watu wakacheka. Wa visiwani hakucheka. Alichukua uma akaupigilia kwenye kiganja cha mwenzake mpaka ukagota mbaoni. Marehemu ndiye aliyeshika bakuli la maji ya moto mama alipokuwa akiuchomoa. Tangu siku hiyo mama aliweka sheria: “Hapa kila mtu atakula kwa ulimi wake. Anayetaka kuazima wa mwenzake, mlango ule pale!”

Mwaka 1973 aliajiriwa kwenye ukumbi wa ngumi uliokuwa nyuma ya maghala. Mabondia walitoka kila pembe, na makocha vivyo hivyo, kwa hiyo alihitajika mtu wa kusimama kwenye kona ya bluu, kati ya ndoo na sifongo, na kumpa bondia maneno ya kocha kabla kengele haijalia. Blauzi zake zote zilikuwa na madoa ya damu za watu. Promota ndiye aliyembandika jina la Kasuku. Yeye hakulipenda. “Kasuku hurudia tu,” alisema. “Mimi naelewa kwanza.”

Mume wake alimpata humo humo. Alikuwa bondia wa uzito wa kati, ametoka kupigwa na mtu wa visiwani, mdomo umevimba kama andazi. Akamuuliza, “Dada, yule jamaa raundi ya tatu alikuwa ananitukana nini?” Marehemu akamjibu, “Hakukutukana. Alikuwa anakuombea kwa Mungu akupokee.” Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 7 Agosti 1976, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja. Mikono ya shemeji yetu ilivunjika mara nyingi mno, na kufikia 1982 hakuweza hata kufunga vifungo vya shati. Nyumba nzima ikawa inamtegemea mkewe.

Sasa tuseme lile ambalo magazeti yalilisema vibaya. Jumamosi tarehe 17 Novemba 1984 alipangwa kupigana bondia kutoka kusini mwa Uchina, aliyeletwa bila kocha wake. Walipokutana siku moja kabla, marehemu aligundua kwamba kijana yule anasema Kikantoni tupu, Kichina cha kusini. Alimfuata promota. “Huyu simwelewi, naye hanielewi.” Promota akamcheka. “Kichina ni Kichina, Kasuku. Toa sauti yoyote inayofanana. Kama huwezi, kesho usije, wala kesho kutwa.”

Akawaza watoto wake, akakubali. Akachukua kibao na chaki, akijua kwamba wanaweza kuandikiana kama wale wa mezani kwa mama. Alisahau jambo dogo tu: mtu aliyevaa glavu haandiki. Mume wake alimtania kwa hilo maisha yote. Hata hivyo mwanzoni mambo yalienda; yeye aliandika swali, kijana akasoma, akatikisa kichwa ndiyo au hapana.

Raundi ya tano kijana alichanika juu ya jicho. Ya sita alipigwa mpaka pua ikalala shavuni, akaanguka, akainuka, akaanguka tena kwenye kamba, na watu wakapiga kelele wakitaka zaidi. Aliporudi kwenye kona macho yote mawili yalikuwa yamefumba kwa uvimbe. Kibao hakikuwa na kazi tena. Akawa anasema maneno mengi, haraka haraka, damu ikimtoka mdomoni, amemkamata marehemu kifundo cha mkono kwa glavu zake mbili.

Daktari wa ulingo akainama. “Anasemaje? Anaumwa kichwa?”

Promota akamnong'oneza marehemu sikioni, “Sema yuko sawa.”

Angesema uongo mdogo tu, nyumba yake ingelala imeshiba. Dada yetu akapaza sauti ukumbi mzima usikie: “Daktari, simwelewi! Sijamwelewa hata neno moja tangu jana. Msinisikilize mimi, mtazameni yeye!”

Daktari akamtazama, akasimamisha pambano. Hapo ikawa patashika nguo kuchanika. Viti viliruka, taa moja ikapasuka, na waliokuwa wameweka dau wakapanda ulingoni. Promota alinyakua kile kigoda cha bondia akampiga nacho marehemu usoni, mara mbili. Shemeji alimvamia kwa mikono yake ile mibovu, akavunja vidole vyake viwili vilivyobaki vizima. Jioni ile ile kijana alipasuliwa fuvu na damu ikatolewa. Daktari mpasuaji alisema raundi moja zaidi wangemtoa ulingoni kwa machela, amefunikwa uso.

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Taya linao, nalo lilivunjika mahali patatu na halikuunga sawasawa. Magazeti yalimwita tapeli. Hakuna aliyemwajiri tena kuwa mkalimani. Alifua mashuka kwenye dobi la hospitali mpaka alipostaafu mwaka 2011, na promota alikufa kitandani kwake, mzee, amenona. Familia haijasamehe, na haioni haya kusema hivyo mbele ya jeneza.

Mwezi Februari 2022 uvimbe ulitokea kwenye taya lile lile. Alitibiwa, akapasuliwa, na miezi ya mwisho hakuweza kusema. Maumivu yalimpiga bila huruma, naye alimrushia muuguzi kikombe zaidi ya mara moja. Alifariki Jumanne tarehe 9 Mei 2023 alasiri, mumewe ameshika miguu yake.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba na mdogo wake anayesoma haya. Ameacha pia yule bondia wa Uchina, aliyekuwa akija kumtembelea karibu kila mwaka. Walikuwa wakikaa barazani mchana kutwa, kila mmoja akiongea lugha yake. Jana alisimama mbele ya jeneza akasema kwa muda mrefu, akilia. Mwanawe alitaka kututafsiria. Shemeji akamzuia: “Mwache baba yako. Hayo ni yao wawili.”

Yule pale, mstari wa pili, mwenye koti la kijivu. Mtazameni.

Mwenyezi Mungu amlaze dada yetu mahali pasipo na makonde. Amina.