Kiboko wa Kipilefti ni wa Nani

Benchi la kwa Gaudensia liko Shanwe, kwenye kona ya gereji ya kuchomelea mageti, hatua chache kutoka kipilefti chenye sanamu ya saruji ya kiboko na mtoto wake. Gaudensia akishabandika birika la kahawa, wateja wake wa kila siku hufika mmoja mmoja. Bartolomeo wanamwita Wakili tangu alipotoa ushahidi kwenye kesi ya shamba. Zefania wa bodaboda ni Injinia, kwa sababu hajawahi kukosa jibu. Danford mpiga picha ndiye Fleshi. Jumatatu hiyo Fleshi alikuja na kalenda mkononi na karatasi iliyokunjwa mara nne, na kahawa yake hakuigusa.

Kalenda ilikuwa ya ukurasa mmoja: kiboko wa kipilefti, jua la asubuhi likimpiga ubavuni. Hoteli moja ya Sitalike ilikuwa imeagiza mia mbili kwa ajili ya wageni wa hifadhi ya wanyama. Tangu aanze kupiga picha za harusi na kipaimara, Fleshi hakuwahi kupata oda ya namna hiyo, na alishamwambia mkewe Rozalia kwamba mwaka huu studio inawekwa mlango wa kioo. Shida ilikuwa kwenye karatasi.

— Wanataka nisaini, akasema. Hebu soma mstari wa mwisho, Wakili.

Wakili akaisogeza karatasi mbali na macho, akasoma polepole.

— "Nathibitisha kwamba picha hii haivunji hakimiliki ya mtu yeyote."

— Sasa si picha yako? Zefania akauliza. Kamera yako, kidole chako.

— Picha yangu. Kiboko si wangu.

— Kiboko yuko barabarani, Wakili akasema. Kitu kikishakaa barabarani ni cha watu wote. Mimi nikilipiga picha jua, nani atanishtaki?

— Jua hajalijenga mtu, Zefania akadakia. Kile kipilefti ni cha halmashauri, kaka. Kupiga picha ruksa, ila ukiuza, unauza mali ya halmashauri.

— Basi na wewe unauza barabara yao kila ukipakia abiria.

Zefania akanywa funda moja, akapata hoja nyingine.

— Halafu kuna kitu nyie mmesahau. Kiboko ni nyara ya serikali.

— Yule ni wa saruji, Injinia, Fleshi akasema.

— Umbo si lile lile? Askari wa hifadhi akikukuta njia ya Sitalike na viboko mia mbili kwenye begi, unamwambiaje?

Fleshi alicheka kidogo, akaikunja tena ile karatasi. Alijiona anaurudisha ule mlango wa kioo kabla haujafika.

— Njia ipo, Wakili akasema. Piga kivuli chake tu. Kivuli hakina mwenyewe.

— Na hii hapa nyuma? Zefania akagusa kalenda kwa kidole. Si pikipiki yangu hii? Mimi namiliki kona yote ya kushoto.

Gaudensia alikuwa anasuuza vikombe. Hakuinua hata kichwa.

— Mngemuuliza aliyemtengeneza.

Fleshi akaona aibu. Miaka miwili alikuwa akimpiga picha yule kiboko, asubuhi na jioni, na hakuwahi kujiuliza ni mikono ya nani iliyomfinyanga.

— Kwani ni nani, dada Gaude?

— Mzee Telesphor wa Mwese. Wiki tatu nzima alikuwa anakunywa kahawa hapa, saruji imemjaa mpaka kwenye nyusi. Na nyie mlikuwa mmekaa hapo hapo.

Kesho yake Fleshi na Zefania walipanda milima kwenda Mwese. Njia ilikuwa tope, mara mbili wakashuka kuisukuma pikipiki. Walimkuta mzee nyuma ya nyumba yake akilainisha mtungi wa maua. Alijifuta mikono kwenye suruali ndipo akaipokea kalenda, akaitazama muda mrefu.

— Kumbe shingo ilikaa vizuri, akasema. Sikupata kumwona akiwa amekauka. Nilimaliza jioni, alfajiri nikarudi kulima.

— Nisamehe, mzee wangu. Nilitakiwa kuanzia kwako.

— Umefika. Halmashauri nimewapa kiboko, picha zake sikuwapa. Binti yangu Lusia anasomea sheria, ndiye aliyenisomea ule mkataba mstari kwa mstari. Karatasi iko sandukuni.

Akataka vitu viwili: jina lake chini ya picha, na fungu lake katika mauzo. Fleshi alikubali vyote, na moyo ukamtulia. Wakaandikiana, Zefania akawa shahidi. Kisha mzee akaomba lifti ya kwenda mjini.

Asubuhi iliyofuata alikuwa kwenye benchi, katikati yao. Wakili alimweleza habari ya kivuli kwa urefu, na mzee akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Ndipo akauliza:

— Nyie mnakaa hapa kila siku?

— Kila siku, mzee. Miaka na miaka.

— Haya, niambieni. Yule mtoto wa kiboko, mguu wake wa mbele, nilimwekea vidole vingapi?

Wakili akamtazama Zefania. Zefania akatazama kikombe chake. Fleshi akaitandaza kalenda magotini, akainama, lakini pale chini majani yalikuwa yamefunika miguu yote ya mtoto.

Fleshi akaivaa kamera shingoni, akainuka. Wengine wakainuka naye, vikombe mkononi, Gaudensia akaepua birika, wakaelekea kipilefti wakiwa wamemtanguliza mzee.