Shemeji na Koki ya Mizunguko Kumi na Moja

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, fundi bomba wetu, ambaye hospitali nzima tunamwita Shemeji, atarudisha spana zake stoo na kutia saini kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na tatu, miezi minne na siku ambazo yeye na karani wa utumishi bado wanazibishania. Karani anasema kumi na mbili. Shemeji anasema kumi na tatu, kwa kuwa alianza kazi siku moja kabla ya kuandikwa: bomba la wodi ya wazazi lilipasuka, na mtu hawezi kukaa kungoja barua ilhali kina mama wanajifungua na maji yamewafika wakunga vifundoni.

Nimeombwa niandike mimi kwa sababu ni mwaka wa sita namchimbia mitaro. Hapa si kwetu. Kwetu ni safari ya siku mbili kwa basi na nusu siku kwa miguu, na shule niliiacha njiani. Mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni kimoyomoyo.

Shemeji alianza kwa kubeba ngazi ya fundi aliyemtangulia. Aliibeba miaka miwili, na mpaka leo husema ngazi ile ndiyo shule yake, ilikuwa na madarasa tisa na yote aliyapanda. Kisha akapewa mabomba ya wodi za chini, kisha za juu, na mwishowe maji yote ya hospitali, kuanzia tangi la paani hadi bomba la bustani. Mwaka ule tangi kubwa lilipopasuka, alishinda paani siku tatu akiunganisha mapipa kwa mipira ya kumwagilia maua, na chumba cha upasuaji hakikukosa maji hata saa moja. Aliteremka ameiva upande mmoja, kama mkate uliosahaulika jikoni.

Jina la Shemeji lilianzia kwa madobi. Aliitwa kutengeneza bomba la kufulia, akamkuta pale dada mmoja mwenye kicheko. Kesho yake bomba likaharibika tena. Keshokutwa pia. Ilipofika wiki ya tatu madobi wakasema, "Huyu si fundi, huyu ni shemeji, mwacheni apite." Walioana mwaka uleule, na tangu siku ya ndoa bomba lile halijadondosha hata tone.

Wengi mnamjua kwa jinsi anavyotibu maji dhaifu kwenye sinki la jikoni. Fundi mwingine angefika na nyundo. Yeye hufika na kuomba glasi. Huijaza kwenye bomba hilohilo linalolalamikiwa, akihesabu pumzi zake, kisha huyanywa maji yale taratibu, amefumba macho. Ndipo anaanza kurudi nyuma, kama mtu aliyedondosha ufunguo njiani. Hufungua kwanza kichujio cha mdomo wa bomba, aone kama kuna mchanga au chokaa. Kisha koki ndogo chini ya sinki, kama kuna mtu aliyezigonga kwa ndoo. Kisha hulinganisha maji ya moto na ya baridi. Kisha huenda kwa bomba la jirani, aulize kama na kwake kuna njaa. Mwisho kabisa hulaza shavu ukutani na kusikiliza.

Hapo kwenye kusikiliza ndipo alipopata matatizo. Muuguzi mkuu mmoja alimwandikia ripoti kwamba amemkuta amelala wima. Shemeji alijieleza kwa maandishi kuwa alikuwa anasikiliza bomba. Chini yake akaongeza, kwa kalamu tofauti, kwamba siku ya Alhamisi ni kweli alilala.

Nami simlaumu. Nimewahi kulaza shavu langu karibu na lake, asubuhi, jiko likiwa bado tupu, jua limeingia kupitia madirisha ya juu na masufuria yamening'inia kimya. Maji yanapita ndani ya ukuta kwa mbali sana, kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Ukisikiliza kwa muda husahau uko wapi. Mara moja nilisikia kijito cha nyuma ya nyumba ya mama yangu, na kopo likigonga jiwe. Shemeji aliniuliza, "Umefika?" Nikamjibu nimefika. Akasema, "Wasalimie, halafu urudi uniletee spana."

Sasa niseme jambo la mwezi uliopita, maana ndilo lililonifanya nikubali kuandika.

Jumatatu moja nilichimba mtaro nyuma ya ukuta wa jiko kuu. Siku hiyohiyo Shemeji alibadilisha mpira wa bomba la maji baridi kwenye sinki kubwa, na jioni akaondoka kwa likizo yake ya mwisho, wiki moja, kwenda kuezeka nyumba atakayoishi akistaafu. Jumanne asubuhi maji ya sinki yalitoka kama uzi. Sufuria la supu lililokuwa likijaa kwa dakika tano likachukua nusu saa. Chakula cha wagonjwa kikachelewa, vyombo vikarundikana, na mpishi mkuu akawa haongei na mtu isipokuwa kwa mwiko.

Msimamizi wa majengo alikuja. Akatazama sinki, akatazama mtaro, akanitazama mimi.

"Sururu yako imeminya bomba."

Nilisema sikugusa bomba. Akauliza kama maji yamejiminya yenyewe. Ukaandikwa uamuzi kwamba Jumatano ya wiki inayofuata sakafu ya jiko ivunjwe, na mimi nirudishwe kwetu. Mkataba wangu ndio kitanda changu, na ndio kibali cha kuishi mji huu. Nyumbani wapo watu saba ambao nimewaambia niko salama. Nilifunga begi siku tatu kabla, nikawa nalitazama tu.

Shemeji alirudi Jumatatu, ana vumbi la mabati kwenye nyusi. Hakuuliza habari ya mtaro. Aliomba glasi.

"Glasi hiyo itajaa ukishastaafu, Shemeji," mpishi mkuu akamwambia.

"Basi niandalie mbili, mke wangu naye atakuwa amekuja."

Alikunywa robo glasi. Akafungua kichujio, akakikuta safi kama jicho la mtoto. Koki za chini ya sinki zilikuwa wazi. Maji ya moto yalitoka kwa nguvu, kumbe udhaifu ulikuwa wa maji baridi peke yake. Akaenda kwenye beseni la kunawia mikono mlangoni, linalolishwa na bomba lilelile la baridi linalopita kwenye mtaro wangu. Likatoa maji kwa kishindo.

"Bomba lililominywa halimpi mmoja likamnyima jirani," akasema kwa sauti, ili msimamizi asikie hata akiwa ofisini. "Sururu haina kosa. Kosa liko kati ya beseni na sinki."

Angeweza kuishia hapo. Mimi nilikuwa nimeshapona. Lakini alisimama katikati ya jiko, akatazama kabati la unga lililoegemea ukuta, na nikaona uso wake ukibadilika. Akaniambia tulisukume. Nyuma yake kulikuwa na koki ya shaba yenye usukani mdogo mwekundu. Aliiweka mwenyewe pale, miaka kumi na moja nyuma, jiko lilipopanuliwa. Ndiyo anayoifunga kila akitengeneza bomba la sinki lile, na kabati hurudishwa mahali pake.

Koki za namna hii hazilazimishwi, zikilazimishwa huvunjika ndani. Kwa hiyo Shemeji huzihesabu. Ukifunga kwa mizunguko kumi na moja, unafungua kwa kumi na moja. Alishika usukani akaanza kufungua, akihesabu kwa kunong'ona. Akaanzia tano. Sita, saba, nane. Alipofika kumi na moja maji yaliruka sinkini yakampiga mpishi mkuu kifuani, na jiko zima likapiga vigelegele. Mpishi alikuwa analowa huku akicheka, wiki nzima hatukuwa tumemwona akicheka.

Shemeji hakucheka. Kwa nini ameanzia tano, mimi na yeye tu ndio tulioelewa. Nikamwinamia sikioni.

"Mzee, sema ni kutu."

"Kutu haihesabu mpaka nne ikaacha," akanijibu. "Jumatatu ile nilikuwa nafungua, mpishi huyu akaniuliza nikistaafu nitakuwa naamka saa ngapi. Nikaanza kuiona ile asubuhi. Kibaraza, chai, hakuna anayeniita. Mkono ukabaki hapa, mimi nikawa nimeshaenda."

Ieleweke alichokuwa nacho mkononi. Barua yake ya utumishi ilikuwa imeshapigwa chapa, na ndani yake mlikuwa na maneno "bila kosa hata moja kwa miaka thelathini na tatu." Mkewe alikuwa amenunua fremu. Alitoka jikoni akaenda ofisini kwa msimamizi, nami nyuma yake, akaeleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi.

Msimamizi alimvutia kiti. Kisha akasema, kwa heshima, "Mzee wangu, umebakiza wiki chache. Karatasi ya huyu nitaichana. Na hili lako tuliache hapahapa chumbani."

"Ya kwake ichane," Shemeji akasema. "Ya kwangu iandike. Watu walimwona akilaumiwa hadharani. Ukificha langu, watabaki wakisema ni yeye, ila amehurumiwa."

Ikaandikwa. Barua ikapigwa chapa upya bila maneno yale, na nasikia mkewe ameiweka kwenye fremu vilevile.

Katika wiki hizi za mwisho amechora upya ramani ya mabomba ya hospitali nzima, karatasi kumi na nne zilizoungwa kwa gundi, na kila koki iliyofichwa nyuma ya kabati ameiwekea alama na idadi ya mizunguko yake. Atakayekuja baada yake hatahitaji kukumbuka. Anaruhusiwa hata kuota.

Karani wa utumishi aliposoma wasifu huu alishauri habari ya koki iondolewe, sherehe isiingie doa. Nilimpelekea Shemeji mwenyewe aamue. Aliusoma akiwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, kidole kikipita chini ya kila mstari. Alinisahihisha mahali pawili. Pale nilipoandika kwamba alichoka, akakata, akaandika kwamba alisahau. Na pale nilipogawana naye lawama ya koki, nikaweka jina lake kabla ya langu, akasema ndivyo inavyotakiwa, lakini langu lisiwepo kabisa. Nimeliondoa.

Jumatano ile ambayo ningekuwa ndani ya basi, nilikuwa nafukia mtaro nyuma ya jiko. Dirisha lilikuwa wazi, maji yakijaa sufuria, na wapishi wakigombania nani aoshe kwanza. Nilifukia polepole sana. Sikutaka siku iishe.

Shemeji, kwa niaba ya wapishi, madobi, wauguzi, msimamizi na sisi wa sururu, asante. Hatuna cha kukulipa kinachokutosha. Nenda na mama watoto mkaishi vizuri, paa lisivuje, magoti yasiume, wajukuu wawasumbue kwa kiasi. Tunakutakia siku njema nyingi, na uzipitishe bila kuzihesabu.